Mstari wa Mwisho wa Barua

Kwa siku ya nne mfululizo niliambiwa kwamba sijawahi kufanya kazi.

Safari hii aliyeniambia alikuwa ofisa utumishi wa hospitali, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alipekua kompyuta yake mara mbili kwa hiari yake, nisije nikasema hakunisaidia. Jina langu halikuwemo. Nikamweleza tena, taratibu, kwamba mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Nikamwambia kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa wodini kila anapoletwa mgonjwa kiziwi, kwamba nimesimama kwenye vitanda vya uzazi nikiwaambia wanawake kwa mikono yangu wasukume au wasubiri, na kwamba kuna daktari mle ndani alishawahi kunitoa bafuni na sabuni kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakatai kwamba nilikuwepo. Ila hospitali haikuniajiri, na haiwezi kumwandikia barua mtu ambaye haikumwajiri.

"Basi andika tu kwamba nilikuwepo," nikamwambia.

"Dada yangu, hata wanaokuja kuona wagonjwa huwa wapo."

Nikatoka nimebana meno. Kwenye korido nesi mmoja akanidaka mkono kwa furaha, akaniuliza nimepotelea wapi, akanisimulia jinsi juzi walivyohangaika na mgonjwa kwa kuchorachora picha kwenye karatasi. Sikujua nicheke au nilie. Wodini kila mtu ananijua. Ofisini sipo.

Nilikuwa naomba kuhamia nchi ambako kituo kimoja kinachohudumia viziwi waliotoka kwetu kilinitaka kazini, kazi ya kudumu, yenye meza na kiti changu. Kituo kilinikubali. Uhamiaji wao ndio waliotaka ushahidi: miezi thelathini na sita ya kazi, kila mwezi uwe na barua, kila barua iwe kwenye karatasi yenye nembo, itaje tarehe, saa za kazi kwa wiki na majukumu, iwe na sahihi na muhuri. Mama aliyekuwa akinisaidia kujaza maombi, mshauri mwenye kiofisi juu ya duka la viatu, alinipa habari hiyo siku ya kwanza bila kuipaka sukari. Hakutaka kujua nilifanya nini, alisema, alitaka kuona nani amesaini kwamba nilifanya.

Mahakama, ambako nako nimetafsiri, ilinipa miezi ishirini na miwili, kwa sababu karani wa mahakama huandika daftarini kila anayeingia kwenye kesi, hata anayeleta maji. Ikabaki miezi kumi na minne, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa baada ya siku kumi na moja.

Nilijua vizuri miezi hiyo ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye karakana ya Seremala.

Seremala ni mchumba wangu. Jina lake analo, lakini mtaa mzima unamwita hivyo, na sisi tunaozungumza kwa mikono tunamwita kwa alama ya penseli nyuma ya sikio. Ni kiziwi tangu akiwa na miaka miwili. Alinitafuta alipopata kazi ya kutengeneza madawati ya shule tatu kwa mpigo, akahitaji mtu wa kusimama kati yake na walimu wakuu, wauza mbao na wakaguzi. Siku tatu kwa wiki, miezi kumi na minne, nilisimama hapo. Alikuwa mteja wangu, basi. Hakuna aliyemgusa mwenzake hata kidole. Kama nilikuwa nikiyaangalia macho yake kuliko kazi ilivyotaka, hilo nilikuwa nalijua mwenyewe. Siku dawati la mwisho liliposhushwa nilimuaga, nikageuka kuondoka, akanizunguka akasimama mbele yangu na kuniuliza, "Kesho nitakuona kwa kisingizio gani?"

Mapenzi yakaanzia hapo. Kwa hiyo barua ya Seremala ingekuwa kweli tupu, kuanzia tarehe mpaka saa. Nilipomwambia hivyo mshauri, aliweka kalamu chini. Aliniambia kwamba barua ya mume, mchumba au ndugu haihesabiwi, na kwamba mwandishi wa barua lazima amalizie kwa kuthibitisha hana uhusiano na mwombaji. Seremala nilikwishamwandika kwenye fomu kama mchumba, ili tuondoke wote tukishafunga ndoa.

"Chagua, mwanangu," akasema. "Mtu mmoja hawezi kuwa shahidi wako na mchumba wako kwenye faili moja."

Jioni ile nilimsimulia Seremala yote. Alifuata mikono yangu bila kuinua yake. Kisha akataka nimtajie barua inavyotakiwa iwe, mstari kwa mstari. Nikamtajia, hata ule wa mwisho. Nilidhani anauliza tu.

Sasa siku hiyo ya hospitali nilirudi nyumbani miguu imejaa vumbi, nikamkuta mama ameketi sebuleni, bahasha iko mezani mbele yake. Akaniambia Seremala amepita kuiacha. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Mama hajawahi kumchukia Seremala, hilo lazima niliseme, lakini tangu siku nilipomleta nyumbani amekuwa na neno moja: nimehangaika na wewe peke yangu ufike nisikofika, halafu ukajifunge kuwa mdomo wa mtu? Kila tulipoongea habari za harusi, alikumbuka ana nguo za kuanua.

"Fungua," akasema. "Huenda Mungu amejibu."

Nikafungua. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, juu imechapwa picha ya randa na jina la karakana. Tarehe zote zilikuwemo. Saa ishirini na nne kwa wiki. Vikao na walimu wakuu, mapokezi ya mbao, ukaguzi, mafunzo ya mafundi wapya. Alikumbuka hata mambo niliyoyasahau mimi, kama ile siku niliyotafsiri saa sita mfululizo mpaka mkaguzi akaomba poo. Nikaanza kutabasamu. Halafu nikafika chini.

"Nathibitisha kwamba sina uhusiano wowote, wa kifamilia wala wa kimapenzi, na mwombaji."

Sahihi yake. Muhuri wake.

Nilisoma mstari ule mpaka herufi zikaanza kuogelea. Mama akaniuliza kama imefaa. Nilivaa viatu vyangu vilevile vyenye vumbi nikatoka.

Karakana haiko mbali, lakini sikumbuki nilipitaje. Mafundi wawili walikuwa wamekwenda kupeleka makabati, kwa hiyo alikuwa peke yake, mgongo kwangu, mashine ya kukatia mbao inaunguruma. Nikazima taa na kuiwasha, ndivyo tunavyombishia hodi. Akageuka. Aliona karatasi mkononi mwangu, akazima mashine, akafuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta muda.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Miezi kumi na minne."

"Nauliza huu mstari wa mwisho."

"Ni ule ulionitajia."

"Nilikutajia wanavyotaka wao. Sikukuambia uandike."

"Mengine yote ni kweli. Mstari mmoja tu ndio si kweli."

"Huo mmoja ndio mimi."

Akatazama chini. Nikampiga begani arudishe macho, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia kwamba nikienda kwa barua hii, siku nitakapoomba aje kuungana nami watafungua faili hilohilo, watakuta sahihi yake inasema mimi si chochote kwake, na mlango utafungwa kwa wote wawili. Nilikuwa nazungumza haraka kiasi kwamba alama zilikuwa zinagongana.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ndiyo maana sitegemei uniite."

Kati ya watu wanaozungumza kwa mikono, kufumba macho mwenzako akiwa anaongea ni sawa na kumziba mdomo. Nimewahi kumfokea mwalimu mkuu mmoja aliyemfanyia hivyo Seremala kikaoni. Sijawahi kumfanyia mimi. Siku hiyo nilifumba. Nikasimama gizani humo humo machoni mwangu, nikinusa mbao na gundi, nikisikia pumzi zangu. Hakunigusa. Nilipofumbua alikuwa palepale, mikono imening'inia ubavuni, mitupu. Alikuwa ameniacha nimnyamazie.

Nikashindwa kuyatazama macho yale. Nikageuzia yangu kwenye benchi lake, na hapo ndipo nilipoona kitu.

Wateja wasiojua alama huandikiana na Seremala kwa penseli kwenye vipande vya plaiwudi vilivyobaki. Huwa vimezagaa pale: meza ya watu sita, mlango unakwama, Ijumaa siwezi. Miongoni mwao kulikuwa na kipande chenye mwandiko ambao umeandika barua zote za kuniombea ruhusa shuleni tangu nikiwa darasa la kwanza.

"Mwanangu, kama kweli unampenda, mwache aende. Ukibaki kwenye fomu yake utamfungia. Asijue nilikuja."

Na chini yake, kwa herufi kubwa za Seremala: "Nimeelewa, mama."

Nikakishika kile kipande. Kilikuwa chepesi kabisa. Nikamuuliza lini. Jumanne, akasema. Mama alisimama pale niliposimama mimi, akaandika karibu nusu saa, akajaza vipande vitatu. Viwili amevipiga randa. Hicho cha tatu mkono ulimkatalia.

"Kwa hiyo mlikaa wawili," nikamwambia, "mkanipangia maisha kwa penseli."

"Mama yako hakusema uongo. Mimi nikitoka, barua inapatikana."

"Na wewe ukakubali. Kwa nini? Usiseme kwamba unanipenda. Ukilitumia neno hilo leo nitakuvunjia hili benchi."

Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo, kisha ikatulia. Alipoanza, alama zake zilikuwa ndogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona.

"Wiki nzima nakuona unarudi umeinamisha kichwa. Unazunguka ofisi za watu kumtafuta mtu mmoja wa kusema kwamba ulifanya kazi. Mimi ndiye ninayejua kuliko wote. Nimekaa mbele ya mikono hiyo miezi kumi na minne. Na ni mimi peke yangu ninayekatazwa kusema. Nilichoka kuwa ndiyo sababu."

Hasira yangu haikuisha. Ilihama tu. Ilitoka kwake ikaenda kwa ofisa wa miwani ya uzi, kwa fomu, kwa mtu nisiyemjua aliyekaa mahali akaamua kwamba anayekujua kwa karibu ndiye asiyeaminika. Nikachomoa penseli nyuma ya sikio lake. Nikaitandaza barua juu ya benchi, nikaukata mstari wa mwisho, na juu yake nikaandika: "Mwombaji ni mchumba wangu." Nikamsogezea asaini pembeni, kama inavyofanywa karatasi ikirekebishwa.

Akapitisha kidole juu ya mstari ule.

"Sasa haifai kitu," akasema.

"Haifai ofisini kwao. Saini."

Akasaini.

Kesho yake asubuhi niliipeleka barua kwa mshauri. Nilijua jibu, lakini nilitaka kulisikia kwa masikio yangu ili nisije nikajidanganya baadaye. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema katika miaka yake ya kazi hajaona barua iliyoeleza kazi ya mtu vizuri namna ile. Haitahesabiwa. Miezi ni ishirini na miwili, maombi hayaendi mwezi huu, dirisha jingine litafunguliwa mwakani. Akanipa bunda la fomu tupu, akaniagiza kwamba kuanzia leo nisiondoke mahali popote pa kazi kabla fomu haijasainiwa, hata kama mtoto ndiyo kwanza anatoka. Kituo kingeweza kunisubiri, akasema, kwa bahati. Kingeweza pia kisinisubiri.

Nilikaa kwenye ngazi zake nikalia, harufu ya viatu vipya ikinipanda puani. Haikuwa huzuni. Ningekuwa nimeiba chochote katika miezi ile kumi na minne, ushahidi wangeupata, na mahakamani ningekuta jina langu limeandikwa kwa wino. Nilifanya kazi, ndiyo maana hakuna kitu.

Nilipofuta uso nilimtumia Seremala ujumbe kwamba mchana tunaonana kwetu, na kwamba yeye ndiye mwenye maneno ya kumwambia mama.

Mama alikuwa anapiga pasi tulipoingia. Alimwona Seremala, akaniona mimi, akajua kwamba najua. Akatukaribisha tukae. Seremala akatikisa kichwa, akasimama katikati ya sebule na shati lake la kwendea vikaoni, akanigeukia kwa namna aliyokuwa akinigeukia zamani mbele ya walimu wakuu. Alikuwa ananiita kazini.

Mkalimani hasemi "anasema hivi." Mtu akisema mimi, nawe unasema mimi, kwa mdomo wako, na yako unayaweka pembeni. Nimesema hivyo kwa niaba ya wezi na ya wajane. Sikujua kama nitaweza siku hiyo. Akainua mikono, nami nikafungua mdomo.

"Mama, ulikuja kwangu ukaniomba, nami nikakubali. Nilikosea. Niliandika kwamba sina uhusiano na binti yako, nikaileta barua mlangoni kwako kwa mkono wangu, na njia nzima ya kurudi nilijiona mwizi. Mstari huo tumeukata. Sitauandika tena."

Mama akaisimamisha pasi. Aliongea akinitazama mimi. Akasema nimwambie kwamba hakufanya kwa chuki, alifanya kama mzazi. Akasema nimuulize mwenyewe: huyu mtoto atakuwa mdomo wako mpaka azeeke? Akichoka je?

Nilitamani kulikwepa. Lakini mkalimani haruki swali kwa sababu linamhusu. Nililipeleka lote, bila kulilainisha. Seremala alilipokea, akafikiri, akajibu polepole, nami nikasema:

"Mdomo ninao, mama. Ni hii mikono. Nilipomwajiri binti yako, si mimi tu niliyekuwa na shida ya kuelewa. Walimu wakuu nao walikuwa hawanielewi, wakahitaji mkalimani kama mimi. Akichoka, ataniambia, nami nitatafuta mkalimani mwingine wa kazini."

Akasita. Akanitazama, si kama mkalimani, na alama zilizofuata nilikuwa sijawahi kuziona mikononi mwake.

"Mke sitatafuta mwingine," nikasema, nikaendelea kwa sababu mikono yake ilikuwa inaendelea. "Mwakani ataomba tena, na jina langu litakuwemo kwenye fomu. Wakimkubali, tutaondoka wote. Wakimkataa, ana kazi hapa nami nina kazi hapa. Nimekuja kukuambia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniita mwanao."

Pasi ikatoa mvuke. Mama alinitazama usoni kwa muda, machozi yangu yote akiyaona.

"Hayo maneno ni yake," akaniuliza, "au ni yako?"

Kazini swali hilo lina jibu moja, na nililitoa.

"Ni yake."

Halafu nikashusha mikono, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa ya kumtafsiria mtu.

"Na yangu ni hayo hayo, mama."

Mama hakusema ndiyo siku ile. Alichomoa pasi ukutani, akalikunja shati alilokuwa akilipiga, akalikunjua, akalikunja upya. Kisha akasema kwamba mtu aliyesimama muda wote huo lazima miguu inamuuma, na kabla sijainua mikono kutafsiri, alikuwa ameshamvutia Seremala kiti yeye mwenyewe.